Makofi ya Daraja la Kwanza

Mzee Bonaventura alikuwa na neno moja alilolibania miaka tisa, nalo ni marahaba.

Alilibania kwa mtu mmoja tu. Wavuvi wa Katonga, pale ziwani Kigoma, walimpa shikamoo akaitika. Watoto wa shule walimpa akaitika. Hata mgambo wa soko, ambaye mzee alimwita mnyang'anyi mwenye kofia, aliitikiwa kama binadamu wengine. Lakini simu ikilia kutoka Ufaransa, na sauti ya Scola ikasema, "Shikamoo, baba," mzee aliisukuma ile simu mkononi mwa jirani yake Mwanvua, akatoka nje kuangalia dagaa wa watu.

Kisa chenyewe kilikuwa kazi. Scola ni binti yake wa pekee, aliyemlea mwenyewe tangu mama mtu alipofariki. Alipokuwa mpishi katika hoteli moja ya ufukweni, walikuja wageni wawili, mume na mke, Wafaransa wenye boti ya kutembezea watalii kwao. Walikula samaki wa Scola, mgebuka wa ziwani, wakaomba tena, na kabla hawajaondoka wakamwomba na mpishi mwenyewe. Siku aliyokuja kuaga, Bonaventura alimtazama hivi, akasema: "Mimi nilibeba trei za wazungu ili wewe usizibebe. Ukienda, mimi si mtu wa kuamkiwa na wewe."

Scola akaenda. Angefanyaje? Jiko la hoteli ile lilikuwa likimlipa maneno matamu.

Sasa usimwone mzee ana roho mbaya. Huyu alikuwa mhudumu wa chumba cha kulia kwenye meli ya ziwa, daraja la kwanza, enzi za ujana wake. Shati jeupe, kitambaa juu ya mkono wa kushoto, visigino pamoja. Abiria wa meza zile hawakuwa na haja ya kujua jina la mtu. Walikuwa na viganja. Mkono unainuliwa juu ya bega, macho hata hayageuki, pa-pa! Mhudumu anakimbia. Mwanzoni walikuwa wazungu. Bendera ikabadilishwa, makofi yakabaki. Wakubwa wetu wenyewe, wale wale waliotuhutubia habari za udugu uwanjani mpaka jua likatuchoma utosi, wakikaa kwenye meza ile nao mikono juu, pa-pa!

Bonaventura shule aliiacha darasa la nne. Elimu yake iliyobaki aliipata kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi. Ndiye aliyewaambia wenzake kwamba mtu ana jina, na kuanzia safari hiyo asiyeitwa jina asiitike. Wahudumu wakasimama ukutani kama makabati. Makofi yakalia chumba kizima, supu ikapoa jikoni, mabibi wakashika vifua. Meli ilipofunga gati, wahudumu watatu waliteremshwa na mabunda yao. Mmoja wao, Niyibizi, aliyeweza kuichekesha meli nzima kwa kuiga sauti ya nahodha, hakuajiriwa tena popote. Alikufa kijijini Kagunga akishona nyavu za watu. Wa pili alihama, habari zake hazikusikika. Wa tatu ni Bonaventura mwenyewe, aliyebeba magunia bandarini mpaka mgongo ukakataa. Hakuna aliyewaomba radhi. Hilo mzee hakulisahau, na alikuwa na haki ya kutolisahau.

Safari hii Scola hakupiga simu kwa baba. Alimpigia Mwanvua moja kwa moja.

"Madamu amezeeka, mama mdogo," alisema. "Mumewe hayupo tena. Boti anataka kuniachia mimi. Ndiyo mali pekee aliyo nayo, na hana mtoto. Nakuja naye nimsalimie baba. Akiitika, vizuri. Asipoitika, nitajua kwamba pwani hii sina nyumba, na sitamsumbua tena."

Mwanvua alikuwa mjane wa Ujiji aliyehamia Katonga kuanika dagaa, mwenye ulimi usiojua kupumzika. Ujumbe ule aliufikisha ulivyo, bila kuuwekea sukari. Mzee akatoka nje kuangalia dagaa wa watu. Lakini siku ya wageni aliamka akafagia uwanja wote mpaka kwenye mstari ambao ziwa lilifika lilipopanda, akaketi mlangoni, uso kwenye maji.

"Mzee Bona, ndege imeshatua. Vaa shati," Mwanvua alimwambia.

"Nimevaa."

"Hilo shati au wavu?"

Akaingia ndani akabadilisha.

Bajaji ilisimama. Akateremka Scola, mnene kidogo kuliko alivyoondoka, na nyuma yake bibi wa kizungu, mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mwanamume, akitembea kwa kuyahurumia magoti. Scola alikuja mpaka mbele ya kiti, akainama.

"Shikamoo, baba."

Neno lilimfika mzee ulimini, likakuta mlango umefungwa miaka tisa, kufuli limeshika kutu.

"Mwanvua," alisema, "mwambie mgeni wako akae mkekani."

"Mgeni wangu? Kwani huyu nilimzaa mimi?"

Scola alinyanyuka, akavua viatu, akaenda zake jikoni. Alikuwa ameahidi kupika, na atapika, hata kama ni mara ya mwisho. Punde harufu ya mawese ikaanza kutoka, na mgebuka, na ugali wa muhogo ukisongwa kwa nguvu kupita kiasi. Mwanvua alibaki na Madamu, na kwa kuwa hakuweza kukaa na mtu bila kumhoji, alipaza sauti kuelekea jikoni ili Scola ajibu.

"Hiyo boti yenu ni ya aina gani?"

"Tishari, mama mdogo."

"Tishari? Kama lile la saruji pale bandarini?"

"Lilikuwa hivyo hivyo. Lilibeba ngano na makaa ya mawe. Sasa limetengenezwa ndani, lina vyumba, kila chumba na bafu lake, sakafu inapashwa moto. Juu kuna beseni kubwa la maji ya moto, wageni wanakaa humo wakinywa divai."

"Wanaogea nje? Wanaonekana?"

"Wanaonekana."

"Na wanalipia?"

"Wanalipia kweli kweli."

"Basi linakimbia sana."

"Wala! Linakwenda kwenye mfereji mwembamba, mtu anayetembea kando kwa miguu analipita. Wageni wengine wanashuka na baiskeli, wanakwenda kijijini kununua mkate, wakirudi wanatukuta bado tunakuja."

Mwanvua alicheka mpaka akashika mbavu. "Toba! Kesho na mimi nawalaza watu juu ya chanja yangu ya dagaa. Na mlima mkikutana nao?"

"Kuna malango ya maji. Tishari linaingia kama kwenye sanduku, lango la nyuma linafungwa, maji yanajazwa, linapanda lenyewe taratibu mpaka unaona mashamba ya mizabibu usawa wa macho. Kisha lango la mbele linafunguliwa."

Bonaventura alikuwa amewapa mgongo, lakini masikio hayana mgongo. Alijaribu kuliona tishari likipanda kilima bila kuvutwa na mtu. Akaona jambo jingine.

"Huo mfereji nani aliuchimba?" aliliuliza ziwa.

Jikoni mwiko ulisimama. "Vibarua, baba," Scola alijibu upesi. "Vibarua na wafungwa. Kwa sepeto. Wengi walikufa kwa homa."

"Nilijua," mzee aliliambia ziwa.

Chakula kikaja. Madamu alinawa, akakaa mkekani na miguu yake mirefu akiikunja vibaya, akamega ugali kwa mkono kama aliyezoea. Hakubakisha samaki, ila miiba. Akanawa tena, akajifuta. Kisha akageuka kumwelekea mzee aliyekuwa bado amempa mgongo, akapiga makofi.

Kabla hajajijua, Bonaventura alikuwa amesimama. Visigino vimekutana. Mkono wa kushoto umejikunja mbele ya tumbo, tayari kwa kitambaa ambacho hakikuwapo. Na kinywa, kile kile kilichowaambia wenzake wasiitike, kikasema kwa Kiswahili safi cha daraja la kwanza:

"Naam, madamu."

Mwanvua, ambaye angecheka hata msibani, hakucheka.

Mzee aliutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Aliushusha kwa nguvu.

"Nyumbani kwangu!" alisema. "Katika uwanja niliofagia mwenyewe! Nimefukuzwa kazi kwa makofi haya. Niyibizi amekufa maskini kwa makofi haya. Na wewe," akamwelekezea Scola kidole, "umesafiri dunia nzima kuniletea hayo hayo mlangoni? Ndiyo mshahara wangu wa kukulea?"

"Baba, sivyo, hajaku..."

"Nyamaza! Mwondoe. Mwondoe na wewe uende naye, mkapandishwe vilima na maji!"

Scola aliganda na sufuria mkononi. Machozi yalimjaa lakini hakuyaachia. Alianza kukusanya sahani, moja juu ya nyingine, kama mtu aliyekwisha kupata jibu lake.

Madamu hakuelewa neno hata moja. Alichokiona ni mzee aliyesimama akiwa na hasira, na alijua sababu moja tu, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na Scola: shukrani isiyoitikiwa haijafika. Akashika ukuta, akajishusha goti moja, akaguna kwa maumivu, akashusha la pili. Akainamisha kichwa cheupe mpaka karibu na mkeka. Akapiga tena.

Sasa mzee alisikia. Mara ya kwanza alikuwa amesikia kwa miguu. Hayakuwa pa-pa. Viganja vilikunjwa kama vikombe, na vilikutana polepole, kwa sauti ya shimo, kobo, kobo, kobo, kama mtu anayebisha hodi kwenye kibuyu kitupu. Yalikuwa makofi ya mama yake kule vilimani, alipoletewa kapu la maharage na jirani. Yalikuwa amashi, ambayo kwa Waha, watu wa kwao, hapigiwi mtumishi. Hupewa mtu aliyekutendea wema mkubwa.

"Mzee Bona," Mwanvua alisema taratibu, "tangu lini mtu akamwita boi huku amepiga magoti?"

Scola aliziweka sahani chini.

"Msimu wa kwanza wageni walikula wakanyanyuka tu, baba. Nikatoka jikoni, nikawaambia, kwetu mpishi anapewa amashi. Mume wa Madamu akapenda, akaifanya sheria ya tishari. Mpaka leo kila jioni majaji, wenye viwanda, wote wanageukia jikoni, wanainama, wanapiga hivyo. Na hakuna anayetoka mezani mpaka mpishi aitike." Akamtazama Madamu. "Marehemu alipougua, nilimwogesha na kumlisha mimi mpaka mwisho. Madamu akaniuliza nani alinilea. Amepanda ndege na magoti hayo ili akupe yako."

Bonaventura alikumbuka trei zote. Alikumbuka supu zilizomwagikia kifundo cha mkono meli ikiyumba, na watu walioifikia Kigoma wameshiba wakateremka bila kugeuza shingo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwinamia. Na sasa, kwa kazi ambayo hakuifanya kwa yeyote ila kwa mtoto wake, bibi wa watu alikuwa chini kwenye mkeka wake, mgongo umepinda, akingoja.

Akapiga magoti naye. Yalilia yote mawili. Akaikunja mikono ya magunia kama vikombe, akaitika: kobo, kobo, kobo. Madamu akainua uso, akatabasamu kama mtu aliyetua mzigo. Wakabaki hivyo wazee wawili, wanatazamana, kila mmoja akihofia namna ya kunyanyuka, mpaka Mwanvua akawavuta mmoja mmoja huku akilalamika kwamba yeye si winchi ya bandarini.

"Scola," mzee aliita. Jina lile lilitoka na vumbi. "Hujanisalimia leo."

"Nimekusalimia, baba. Hukuitika."

"Basi rudia. Masikio yangu yalikuwa melini."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akavuta pumzi. "Marahaba, mwanangu. Marahaba. Marahaba, mama."

"Inatosha, mzee," Mwanvua alisema akijifuta macho kwa kanga. "Utazimaliza zote, na mimi kesho nitakuamkia."

Walikaa mkekani wote wanne. Mzee alimwagiza Scola atafsiri, neno kwa neno, bila kupunguza. Kwamba anampa Madamu pole ya mumewe. Kwamba anamshukuru kwa kumtunza mtoto wa watu, na kwa kumleta. Kwamba alichopewa leo hakupewa na meli nzima, na atakipeleka Kagunga kwenye kaburi la rafiki yake, kwa sababu nusu yake ni ya Niyibizi. Madamu alisikiliza mpaka mwisho, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yote miwili, akasema kitu kifupi.

"Anasema wa kushukuriwa ni wewe," Scola alitafsiri.

Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akanywa maji. Kisha macho yake yakapata ule moto ambao wakubwa wa bandari waliwahi kuuogopa.

"Muulize. Wafanyakazi wa tishari wana siku ya kupumzika?"

"Baba, jamani."

"Muulize."

Scola aliuliza. Madamu akacheka, akajibu, akamwonyesha Scola kwa kidole.

"Anasema tishari sasa ni langu. Uniulize mimi."

"Nakuuliza wewe, basi."

"Jumamosi wageni wanashuka, Jumapili wanapanda wapya. Hapo katikati tunafua mashuka na..."

"Hiyo si kupumzika, mwanangu. Hiyo ni kufua." Mzee alisogea, akampisha nafasi karibu naye. "Njoo, kaa hapa. Hao wasaidizi wako majina yao nani? Nitajie mmoja mmoja."

Scola akakunja miguu, akaegemea bega la baba yake, akaanza kumtajia.