Karata Yenye Kona Iliyoungua

Chaki hakuwa mtu wa ramli. Ukimwambia nyota yake imekaa vibaya, angekuuliza nani aliyeipa kiti. Lakini kila asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, alichanganya karata sabini na nane za taroti, zile za picha ambazo wengine hupigia ramli, kwenye meza ya jikoni, akavuta moja, akamweleza Shangazi picha iliyokuwepo. Kwa miaka mitatu aliacha siku moja tu, na siku hiyo alikuwa na homa.

Kueleza kulikuwa lazima, kwa sababu Shangazi alikuwa haoni tena. Alishona nguo za watu miaka arobaini mpaka macho yakamgomea, ndipo Chaki akamchukua waishi pamoja. Karata zenyewe Shangazi alizikuta zamani kwenye mfuko wa koti ambalo mteja hakurudi kulichukua. Koti lilining'inia dukani miaka tisa likimngoja mwenyewe. Karata hazikungoja hata wiki, kwa maana Shangazi hakuwahi kuwa mtu wa kukaa na kitu bila kukitumia.

Na alizitumia kwa namna yake. "Ya kesho anayajua Mungu," alisema. "Mimi nataka kujua wewe utafanya nini leo." Sheria ilikuwa fupi: karata moja, swali moja, kazi moja kabla ya saa sita mchana. Chaki akishaeleza picha, Shangazi huuliza swali linalotoka humo, na jibu lazima liwe jambo la kufanywa kwa mikono au kwa miguu. Ndivyo Chaki alivyomrudishia jirani ngazi yake baada ya mwaka mzima. Ndivyo alivyokwenda kwa daktari wa meno siku ya karata ya Shetani, baada ya kutafunia upande mmoja miezi miwili. Wenzake kazini walimcheka, wakamwita mganga. Alicheka nao, kwa meno yote.

Kazi yake ilikuwa kukata vitambaa katika karakana ya kushona, na ndiko lilikotoka jina la Chaki, maana nguo zake zote zilikuwa na mistari myeupe mapajani. Miaka kumi na mmoja alikatia kwenye meza ndogo karibu na mlango, ambako kila apitaye humsukuma kiwiko. Meza kubwa ya katikati ilikuwa ya Mzee Mkasi, mkataji mkuu, ambaye sasa mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka. Mwenye karakana, aliyeitwa Mama Futi kwa kuwa hakuvua futi la kupimia shingoni hata akienda harusini, alikuwa amemwambia Chaki waziwazi: "Nikatie pazia la ukumbi wa maonyesho. Likining'inia vizuri Jumamosi, Jumatatu inayofuata unahamia meza kubwa."

Basi mwanzo wa wiki hiyo, Jumatatu ya kukata pazia, Chaki alivuta karata ya Gari la Vita. "Mtu amesimama garini, mbele yake wanyama wawili," alieleza.

"Ni nini kinachokuchelewesha?" Shangazi akauliza.

Swali lilikuwa zuri. Jibu la Chaki ndilo lililokuwa bovu. Alijiambia kinachomchelewesha ni woga wake, kupimapima na kurudiarudia kama mwanafunzi, na kwamba leo atakata bila kusita.

Pazia lilikuwa la mahameli mekundu, na mahameli si kitambaa cha kuchezea. Vinyweleo vyake vimelala upande mmoja. Ukikipapasa kuelekea huko kiganja kinateleza. Ukirudi nyuma kinakwaruza. Vipande viwili vya jora moja, kimoja kikisimama na kingine kikipinduliwa, chini ya taa kali vitaonekana rangi mbili. Kwa hiyo mkataji wa mahameli hupapasa kila jora kwanza, kisha huchora mshale wa chaki kwa nyuma kuonyesha vinyweleo vinakoshukia. Chaki alipapasa jora la kwanza. La pili alilitandika, akachora mishale kama ya lile la kwanza, akakata. Gari la vita halisimami njiani kupapasa.

Vilitoka vipande kumi na viwili, kila kimoja urefu wa mita tano. Akavipanga kwa zamu, kimoja cha jora hili na kimoja cha jora lile, ili tofauti ndogo ya rangi ya kiwandani isijitokeze. Hapo alifuata kanuni vizuri kabisa, na ndipo alipozidi kuharibu.

Jumanne jioni, akiwa amekumbatia vipande vya mwisho kuvipeleka kwa mshonaji, mkono wake ulipita juu ya kimoja ukateleza, ukapita juu ya kingine ukakwaruza. Akasimama. Akapapasa tena. Jora la pili lilikuwa limezungushwa kiwandani kutoka ncha nyingine, na vipande sita kati ya kumi na viwili vilikuwa vimesimama kichwa chini.

Mshonaji, mwanamke mmoja mwembamba waliyemwita Umeme kwa kasi yake ya cherehani, alinyoosha mikono. "Lete basi, dada. Nishike mshono wa kwanza kabla hatujafunga."

Hapo ilikuwa kazi ya dakika kumi. Vipande vilikuwa mistatili mitupu. Kuvigeuza sita, kufuta mishale sita, kuchora mingine, basi. Lakini Mama Futi alikuwa amesimama palepale na futi lake, akimweleza Mzee Mkasi kuhusu Jumatatu. Chaki akakabidhi mzigo, akaenda kuchukua mkoba wake. Aliona aibu, na aibu ikamshika ulimi.

Jumatano alivuta Mwezi. Mbwa wawili wakibweka, njia ikipotelea vilimani. Akaitazama karata, akamtazama Shangazi aliyekuwa ameinamisha sikio akingoja, akaliogopa swali litakalotoka humo, akasema, "Ni Jua."

"Limefanyaje?"

"Linawaka. Kuna maua."

Shangazi aliguna. "Haya. Leo utamwangazia nani?"

Chaki hakumwangazia mtu. Alikwenda kazini akakata makola ya sare za wauguzi, na kila cherehani ya Umeme iliponguruma, mita nyingine ya kosa ilikuwa inafungwa. Alijua pia jambo lililomnyima raha kuliko yote: mishale yote ya chaki itapanguswa kabla ya kutundika. Pazia likitundikwa likaonekana milia, atakayeulizwa kwanza ni mshonaji, na Umeme hatakuwa na la kujitetea. Chaki alimletea chai mchana. Umeme akashukuru, naye Chaki akaona haya zaidi.

Alhamisi alivuta Haki. Mwanamke amekaa, upanga mkono mmoja, mizani mkono mwingine, anakutazama usoni. Chaki nusura acheke. Miaka mitatu karata hizi zilikuwa karatasi na rangi, na leo zimemtolea macho.

"Ni Nyota," akasema. "Mwanamke anamimina maji."

"Nipe niishike."

"Shangazi, chai itapoa."

"Chai ikipoa inapashwa. Nipe."

Shangazi aliipokea, akaipitisha kidole gumba pembeni taratibu. Kwenye kona ya chini kidole kikasimama. Kona hiyo ilikuwa imeungua na kukunjamana, tangu siku ile ya zamani alipoiwekea pasi juu akibishana na mteja.

"Nyota haijawahi kuungua," alisema Shangazi. "Na Jua lako la jana halikuwa na mtoto juu ya farasi. Jua gani hilo lisilo na mtoto? Mimi ni kipofu, mwanangu. Macho yangu ni mdomo wako. Sasa niambie, ukinidanganya wewe, mimi nimuulize nani?"

Maneno hayo yalimwingia. Aliweza kuvumilia kuitwa mkataji mbovu, lakini si hili. Akakaa chini, akasema yote, kuanzia jora la pili mpaka chai aliyompelekea Umeme. Mwishoni akaongeza, kwa sauti ya mtoto, "Na wewe uliniuliza kinachonichelewesha."

"Ehe. Na ukajibu ni kupapasa." Shangazi akashusha pumzi. "Karata haikukuruhusu kitu. Karata haina mamlaka hata ya kuchemsha yai. Ulikuwa na haraka yako, ukaivalisha nguo ya karata. Hilo tumelimaliza. Swali la leo: ukiinuka kwenye kiti hicho, mkono wako utashika nini kwanza?"

Chaki alifikiri. "Kiwembe cha kufumulia."

"Kabla ya saa sita."

Alifika karakana kabla ya watu, akaburuta pazia mpaka dirishani palipokuwa na jua. Nusu zake zote mbili, ya kushoto na ya kulia, zilikuwa zimeshaungwa, mishono mitano kila upande. Akasukuma mbao za dirisha, mwanga ukaingia, na milia ikajitokeza: nyekundu nzito, nyekundu mpauko, nzito, mpauko. Alipiga moyo konde akakaa karibu na pazia kuwangoja wenzake. Asingeweza tena kulikunja na kulificha.

Mama Futi aliingia, akaona, akageuka moja kwa moja kuelekea cherehani ya Umeme.

"Si yeye, Mama," Chaki akasema. "Ni mimi. Jora la pili sikulipapasa. Mishale niliichora kwa kudhania. Umeme amefuata mishale yangu."

"Umejua lini?"

Hapa palikuwa na njia rahisi. Angeweza kusema asubuhi hii, na nani angebisha? "Jumanne jioni. Kabla hajashona mshono hata mmoja."

Umeme alikuwa amefika mlangoni, bado na mkoba begani, na alisikia. "Jumanne," alisema polepole. "Na jana ukaniletea chai."

"Ndiyo, dada."

"Chai yenyewe ilikuwa na sukari kidogo," Umeme akasema, akaenda kukaa kwenye cherehani akimpa mgongo. Hakumsemesha tena siku hiyo.

Mama Futi alilivua futi shingoni. Watu wa karakana hawakuwahi kuliona likivuliwa. "Kukosea jora ningekusamehe kabla ya chai," alisema. "Mzee Mkasi mwenyewe aliwahi kukata suruali ya miguu mitatu. Lakini siku mbili, Chaki. Siku mbili umemwacha mwenzako akishona na unajua. Meza kubwa siwezi kumpa mtu wa hivyo."

"Usinipe," Chaki akasema. "Nipe sakafu tu na muda mpaka Jumamosi asubuhi. Mishono kumi nitaifumua mwenyewe leo. Makola ya wauguzi nitakata wiki ijayo, na saa za ziada usinilipe."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Chaki ulikuwa na urefu wa mita hamsini. Alikaa sakafuni na kiwembe, akakata uzi mmoja mmoja, maana mahameli yakivutwa hayasahau. Saa sita ilipolia alikuwa amemaliza mishono mitatu. Magoti yaliuma, vidole vikafa ganzi, akavipulizia na kuendelea. Kila kipande kilichoachana na mwenzake alikipapasa kwa kiganja, kisha akakipapasa tena kwa mkono wa pili kama vile mkono wa kwanza ni shahidi asiyeaminika. Alama za sindano alizifukiza kwa mvuke wa birika mpaka vinyweleo vikainuka. Jioni, mshono wa kumi ulipoachia, vipande sita vilikuwa vimegeuzwa na mishale ya uongo imefutwa.

Ijumaa Umeme alishona bila kuinua kichwa. Chaki alisimama upande wa pili wa cherehani akishikilia uzito wa kitambaa ili kisivute mshono. Kwa saa nne hawakuzungumza. Kwenye mshono wa saba Umeme akasema, "Inua kidogo kushoto." Kwenye wa tisa akasema, "Kesho ulete chai yenye sukari." Chaki akainua kushoto, machozi yakimlengalenga, akashukuru kwamba mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Jumamosi pazia lilitundikwa. Taa za jukwaa zilipowashwa, lilikuwa rangi moja kutoka ukuta hadi ukuta. Mtu wa ukumbi alitia sahihi bila neno, kwa sababu pazia zuri halina la kusemwa.

Jumatatu Chaki alikwenda kwenye meza yake ndogo karibu na mlango. Mzee Mkasi alikuwa kwenye meza kubwa, kama kawaida. Majora matatu mapya yalikuwa yamefika, na Mama Futi alikuwa amesimama kando ya majora hayo, futi limerudi shingoni.

"Chaki, njoo," alisema. "Meza bado si yako. Tutaona mwisho wa mwaka. Lakini kuanzia leo hakuna jora litakalopanda meza yoyote humu kabla mkono wako haujapita. Ukisema ndiyo, tunakata. Ukisema bado, hata mimi nangoja."

Chaki alijipangusa viganja kwenye mapaja, akaacha mistari mingine myeupe, akaanza na jora la karibu.

Jumanne asubuhi maji yalikuwa jikoni. Alichanganya karata, akavuta moja, na kabla hajaigeuza aliiweka kwenye kiganja cha Shangazi. Shangazi akaipitisha kidole pembeni, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

"Hii siitambui," alisema. "Kona zake zote nzima. Inabidi nikuamini."

Chaki aliichukua akaigeuza. Haikuwa karata ambayo mtu angejichagulia. "Ni Mnara, Shangazi. Umepigwa radi juu. Moto unatoka madirishani, na watu wawili wanaanguka vichwa chini." Akaisogeza karibu na taa. "Mmoja amevaa joho jekundu."

"Haya," Shangazi akasema, akivuta kiti mbele. "Tuanze."