Siku Mama Injini Alipozima Injini

Jina la Mama Injini hakupewa bure. Ile dizeli ya boti yake ya kuvushia watu mtoni aliijua nje ndani. Ikikohoa tu, ameshajua inaumwa wapi. Miaka nenda miaka rudi, hakuna fundi aliyewahi kuitia spana bila ruhusa yake.

Ndipo kitinda mimba wake, binti fundi umeme, akaja na habari za mota na betri. Moshi unakumaliza mama, akamwambia, na masikio nayo ndiyo hayo yanakwenda. Mama Injini akanuna. Kusema kweli umeme hakuuogopa. Aliogopa kugeuka mbonyeza swichi, mtu ambaye yeyote angeweza kukalia kiti chake. Mwisho wakakubaliana: mota ya kuazima ifungwe kando ya dizeli kwa siku moja, kisha mama aseme ndiyo au hapana na mjadala ufe.

Asubuhi boti ikajaa, ikaondoka kimya. Abiria walishazoea kupayuka ili wasikizane juu ya muungurumo, basi wakaendelea kupayuka vile vile. Mama Injini, akiwa amewapa mgongo, kwa mara ya kwanza akasikia kila neno. Fundi cherehani alikuwa akimsema mkwewe bila huruma. Mgeni aliyekaa naye akamkatiza, akauliza kwa wasiwasi kama wako salama, mbona injini haisikiki.

"Injini ya nini?" fundi cherehani akabwata. "Mimi siamini injini, namwamini mama huyu. Mto ukifurika wenzake wanafunga kazi, yeye anayasoma maji na tunafika. Mdomo wake mchafu, sikatai. Lakini wanangu wote huwa namkabidhi yeye."

Sauti yake ilivuka mto mzima. Ndipo fundi cherehani akatambua kuwa mama amesikia yote, akainamia viatu vyake.

Mama Injini hakugeuka. Alijisikia fahari mpaka koti likambana kifuani. Akazungusha usukani kidogo, akaukwepa mkondo ambao abiria hawakujua hata kama upo, akaitia boti gatini bila kugusa nguzo.

Binti yake alikuwa akisubiri pale, kucha mdomoni.

"Niletee spana," mama akamwambia. "Dizeli naing'oa mwenyewe, mtu asiiguse."

Kisha akamgeukia fundi cherehani.

"Na wewe, huu mdomo mchafu kuanzia leo utausikia vizuri."