Makofi ya Heshima

Ukitaka kumuudhi Watiri, mwambie watu wa Nyeri hupiga kura. Atakuambia wanachojua kupiga ni makofi.

Watiri aliiwakilisha Kenya katika Shirikisho la Kimataifa la Mbio za Milimani, na kwa miaka mingi alikuwa akidai kitu kimoja tu: sanduku la kura. Shirikisho liliamua mambo kwa kuinua mikono mbele ya Rais, au Rais akisoma jambo na ukumbi ukapiga makofi, limepita. Mkutano uliopita Watiri aliinua mkono kumpinga, peke yake. Mwaka uliofuata mashindano ya Kenya, kule Nanyuki, yakafutwa, ati barabara ni mbovu. Barabara gani, na watu wanakimbia mlimani? Tangu hapo wajumbe wakajifunza kuficha mikono chini ya meza.

La kuudhi zaidi, Rais mwenyewe, Theuri, alikuwa mzaliwa wa Nyeri. Ndiyo maana safari hii mkutano wa uchaguzi uliletwa nyumbani, katika hoteli moja mjini, na tangu asubuhi kila mtu alikuwa akimvuta Watiri kando.

"Mama Kim, si huyu ni mtu wetu?" alinong'ona Monicah, mjumbe mwenzake, akimwita kwa jina la mwanawe. "Ukimwangusha hapa nyumbani tutaonekana aje?"

"Sitaki kumwangusha. Nataka sanduku."

"Si ni kitu moja tu?"

"Hapo sasa umesema ukweli."

Msema-chochote, yaani mshereheshaji, wa siku hiyo alikuwa Ngatia, bingwa wa harusi na harambee, mtu asiyeweza kumwona mwenzake amesimama bila kumwitishia makofi. Kufikia saa sita alikuwa amempigisha makofi mpishi, fundi wa mitambo na hata mvua. Wageni kutoka ng'ambo walikuwa wameshajua kupasha viganja moto kwa kuvisugua, wakisubiri amri ya kupiga kwa kishindo yale aliyoyaita makofi ya kilo.

Hoja ya Watiri ilipokaribia, Theuri akasimama. "Wajumbe, niko tayari kuwatumikia miaka ingine nne, na tuendelee kuamua vile tumezoea."

"Wapi makofi ya kilo ya Mheshimiwa?" Ngatia akanguruma. "Pasha! Pasha moto! Haya, piga!"

Ukumbi ukalipuka. Theuri akagonga meza. "Imepita."

Watiri akatazama viganja vyake. Vilikuwa vimekutana. Alikuwa amepiga pamoja nao, jinsi alivyozoea tangu utotoni kanisani. Hasira zilimpanda hadi machozi yakamlenga, na nyingi zilikuwa juu ya mikono yake mwenyewe.

Akaenda mbele, akamnyang'anya Ngatia maikrofoni.

"Wajumbe! Kura ya siri, kuanzia leo! Wapi makofi ya kilo?"

Wakapiga. Wangempigia hata kiti.

"Imepita," Watiri akasema.

Theuri akacheka. "Mama Kim, wacha mchezo. Hayo ni makofi ya heshima tu."

"Na yako yalikuwa ya nini?"

Isse, mjumbe wa Somalia, ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Wakalimani walipomaliza kutafsiri, kikasambaa meza hadi meza, na Theuri akaona hawezi kuyala makofi yake na kuyatema ya mwenzake.

"Leteni hilo sanduku, kila mtu aandike: sanduku au makofi," akasema kwa uchungu.

Sanduku halikuwepo, nani angeliweka? Jikoni wakatoa hotipoti ya chapati, imeoshwa nusu. Mmoja mmoja, wajumbe wakaingia nyuma ya pazia la jukwaa, wakaandika, wakatumbukiza.

Isse akahesabu mbele ya wote. Karatasi za sanduku zikawa rundo. Za makofi zilijaa kiganja kimoja tu. Theuri akamtazama Monicah. Monicah akatazama dari.

Ngatia tayari alikuwa ameinuka, viganja juu. "Sasa wapi makofi ya kilo ya Mama—"

"Ngatia, keti chini," Watiri akasema, amekumbatia hotipoti. "Bado hatujachagua Rais."