Kofia Nyekundu Kwenye Kioo

...na hiyo kofia naijua, hata ukinipeleka mwezini nikachungulia chini nitaijua, pama nyekundu, upande mmoja mbuzi alitafuna ukingo siku tunapiga video ya mnada wa ng'ombe, nilimpa Octavian, mwenzangu wa video, kwa mkono huu, na Octavian anaumwa mgongo, hawezi hata kugeuka kitandani, asubuhi kwenye simu sauti ilikuwa ya mtu anayesubiri padri, sasa kofia yake imetembea yenyewe mpaka katikati ya zabibu za Makutupora... labda kamwazima mtu, watu wanaazimana kofia, wanaazimana mpaka meno... "Baba Dorothea, unaona nini?" huyo Evodia, mke wangu, kanishikia mwavuli jua lisipige kioo cha rimoti, mkono mwingine anakula zabibu, nikamwambia naona mashamba, akasema mashamba hata mimi nayaona na sijanunua mdude wa kuruka... mdude, anauita mdude, na upepo huu wa Agosti unaezua mabati ya watu lakini droni yangu imesimama hewani kama nimeipigilia msumari mbinguni, Dodoma hii nani anaweza, nani, marubani wa ndege kubwa wakinipita barabarani wanapunguza mwendo, kibali ninacho, upande wa uwanja wa Msalato siendi, mimi siyo mhuni wa anga... ngoja niinamishe kamera. Kainama. Mwenye kofia kainama, kanyanyua kreti la zabibu, kainuka nalo bila hata kuguna, mgongo wa fahali, na ile miguu ya kutembea kama anakanyaga mayai ni ya nani kama siyo ya Octavian, Mungu wangu, na pembeni ni Murtaza, yule wa duka la simu mjini, tumbo lile linaonekana hata ukiwa Singida, na miguuni kwao kuna droni nyeusi pana kama meza ya kulia chakula... na uji je? Uji wa ulezi, Evodia kaamka kuupika, mimi ndiye niliyesema mtilie ndimu na umpelekee na dawa ya kuchua, mkewe akaupokea mlangoni akasema mgonjwa kalala, asanteni sana shemeji, mgonjwa kalala... yaani nyumba nzima. "Au Octavian kakuloga, leo huwezi kurusha bila yeye?" Evodia anacheka, mbegu anatemea kwenye viatu vyangu, "maana nyie wawili ni kama pua na kamasi," nikasema nyamaza mama, upepo, akasema upepo na mdomo wangu wapi na wapi... ndiyo, nilimwambia jana, wewe pona, mimi kesho naenda Kibaigwa kufuata mahindi, video yetu tutapiga Jumamosi, akasema sawa ndugu yangu, ndugu yangu!, na lori la jirani lingewaka leo asubuhi nisingekuja huku kujaribu upepo, ningekuwa Kibaigwa nagombana na madalali na nisingeona kitu, tungekuja Jumamosi tukapiga, na yeye angesimama hapo hapo na kofia yake. Sasa ananyoosha kidole. Anamwonyesha Murtaza. Kutoka kwenye tangi la maji, ukipita chini chini katikati ya mistari ya mizabibu mpaka majani yakaribie kukulamba, akina mama na mabeseni kushoto na kulia, ukifika kwenye jiwe kubwa ndiyo unanyanyuka ghafla, na Dodoma yote inafunguka kama kanga imekung'utwa... hiyo ni njia yetu, tumeipanga masika nzima, uani kwangu, kwa vizibo vya soda kwenye mchanga, kila kizibo mama mmoja anavuna, mvua ikivifukia tunavipanga upya, na Murtaza kila nikienda dukani, Sostenes bwana, hiyo video yenu inaanzia wapi, namwambia kamuulize mwewe, kumbe akaenda kumuuliza Octavian... "wewe vidole, mimi macho," Octavian aliniambia hivyo, na kweli, nikitazama kioo mbingu siioni, kwa hiyo yeye anasimama shambani chini ya droni, mwewe akitokea ananyanyua kofia na kuivutia upande mmoja, nami nakimbilia upande huo, mwewe wa huku wanachukia droni kuliko vifaranga wanavyowapenda, na hajawahi kukosea, hata mara moja... sasa nishuke. Nishuke hapo hapo, niipitishe juu ya utosi wake, hiyo kofia ikatike vipande mbuzi amalizie, Murtaza alale kifudifudi na tumbo lake, wavunaji wacheke mpaka mabeseni yamwagike, kidole kiko kwenye kijiti, ni kusukuma tu... kainua uso. Kasikia mlio. Ananitazama, mimi, moja kwa moja ndani ya kioo, mdomo wazi, haya, punga mkono basi, mgonjwa, kimbia basi, jifiche kwenye zabibu... kofia juu. Kanyanyua kofia, anaivutia kushoto, kushoto, anaruka ruka, mgongo huo, Murtaza anamshangaa, mwongo, ananifukuza tu nisione, mwongo mkubwa, leo kadanganya mgongo kadanganya kitanda kadanganya uji, kofia itashindwaje... na droni ilishaenda kushoto. Sikuiambia. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe, vinamwamini bado, havijapata habari... kwenye mchanga kati ya mistari kivuli changu kidogo kinakimbia, na kivuli kingine, chenye mabawa, kinapita pale nilipokuwa. Kofia imerudi kichwani. Tunatazamana. Ningekuwa nimedanganywa mpaka mwisho ningelala vizuri leo. "Si nakuuliza," Evodia anasema, mwavuli umeanza kumlemea, "unaona nini huko?" na mimi huyu, ninayeona paka nikasema chui, chui nikasema kundi la chui, nikasikia mdomo wangu unasema, sioni kitu, mama Dorothea, sioni kitu kabisa.