Andika kwa Penseli

Twila Ratliff aliingia jikoni na sare yake ya kazi, akanawa mikono mara mbili kuondoa harufu ya dawa, akageuza soseji kikaangoni kabla hata hajakaa. Zamu yake katika nyumba ya kutunzia wazee ilikwisha saa moja asubuhi. Miguu ilimuwaka moto.

"Mama, fomu ni ya leo," alisema binti yake, Delaney, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi. "Saa kumi wanafunga."

"Najua ni ya leo. Ungeniambia ni ya jana ndiyo ningeshtuka."

Fomu ilikuwa imejazwa yote isipokuwa kisanduku kimoja: Historia ya Marekani, jina la mtaala. Bila kisanduku hicho ofisi ya elimu ya wilaya haipigi muhuri. Bila muhuri, chuo cha mjini hakimpokei Delaney katika darasa la uuguzi mwezi Agosti, na nafasi zilizobaki zilikuwa mbili. Msichana alikuwa na miaka kumi na sita. Uuguzi aliutaka tangu alipokuwa akimshikia babu yake beseni, vumbi la makaa ya mawe lilipokuwa likimmaliza mapafu.

Mwenyewe Twila hakupanga kuwa mwalimu. Shule ya sekondari ya bonde la Kettle Fork ilifungwa miaka tisa iliyopita, eti watoto ni wachache, na basi la kwenda shule mpya huvuka mlima kwa saa moja na nusu, kurudi vivyo hivyo. Ndipo meza ya jikoni ikawa darasa. Hisabati aliimudu. Kemia walijifunza pamoja na kulia pamoja. Historia alikuwa akiikwepa mwaka hadi mwaka, kama mtu anayekwepa jirani waliyekosana naye, na sasa jirani alikuwa mlangoni.

Walikula haraka mikate ya moto na mchuzi mzito wa soseji, wakapanda pikapu.

Familia zinazosomesha watoto nyumbani huuziana vitabu kila mwezi wa Mei, na bondeni soko hilo hufanyika katika ukumbi wa michezo wa ile shule iliyofungwa. Twila alisimama kidogo mlangoni. Dubu mwekundu, nembo ya shule, aliyechorwa sakafuni alikuwa bado yupo, ingawa sikio moja limefutika. Pale karibu na pua yake ndipo Twila alipochezea dansi ya mwisho wa shule, na gauni aliloshonewa na mama yake kwa kitambaa cha pazia. Saa ya ukutani ilisimama saa tisa kasoro dakika tano, muda uleule ambao zamani kila mtoto alikuwa akiikodolea macho akiomba kengele ilie. Alipaonea uchungu, akaona haya kuuonea uchungu ukumbi unaovuja.

"Mama, unazuia njia," Delaney alimnong'oneza.

Twila alikuwa na namna yake moja ya kupima kitabu cha historia. Alikuwa akifungua nyuma, kwenye faharasa, akitafuta makaa ya mawe. Cha kwanza kilikuwa na tai na bendera jaladani, na makaa hayamo kabisa. Cha pili kilikuwa masomo ya video, bei yake sawa na tairi mbili za pikapu. Cha tatu kilisema wachimbaji walikuwa wakigoma mara kwa mara, jambo lililopandisha bei kwa mlaji. Twila alikirudisha mezani kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Usinivunjie biashara, wewe!" Lorna Skaggs, mwenye meza, alicheka. Walisoma pamoja hapo hapo, dawati moja. "Chukua hiki. Kimo kwenye orodha ya wilaya, na ni safi. Wanangu wanne wamepita humo na hakuna alama hata moja. Ungedhani hawakusoma."

"Walisoma?"

"Mmoja hakusoma. Lakini kufuta alifuta!"

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya bonde zima: penseli tu. Mtoto huandika majibu kitabuni kwa penseli, mwaka ukiisha mama na mtoto hukaa na raba wakifuta ukurasa kwa ukurasa, kitabu kikauzwa, kikanunua cha mwakani. Twila aliishika sheria hiyo kuliko wote. Nyumbani kwake penseli ilifungwa kwa uzi mezani, na kalamu za wino zilikaa juu ya friji.

Alifungua faharasa ya kitabu cha Lorna. Makaa ya mawe, ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Sentensi moja: Makaa ya mawe yaliwasha moto wa viwanda vyetu.

"Yalijichimba yenyewe," Twila alisema, "yakapanda treni."

"Na hili je?" Delaney alikuwa ameinama chini ya meza, akaibuka na faili nene la bluu. "Mama, babu yumo humu!"

Lorna alilipangusa vumbi kwa kiganja. "Hilo siuzi. Tulilitengeneza akina mama sita, watoto wetu wakubwa walipokuwa wadogo. Tulizunguka na kinasa sauti kwa wazee wote. Ni somo zima la mwaka, na maswali yake na ramani. Lichukueni."

Twila alikilipia kile kitabu safi, kisha akalisoma faili akiwa amesimama. Humo mlikuwa na mgomo wote wa wachimbaji wa mwaka ule yeye alipokuwa na miaka kumi: mahema kando ya reli, maharage kila siku mpaka watoto wakayatungia wimbo wa matusi. Na alikuwamo mama yake, Iva, aliyelala barabarani na wanawake wengine mbele ya malori ya makaa ili yasipite, na shanga zake za kanisani shingoni. Alikumbuka pia baba yake, Orville, alivyokuja shuleni na kofia mkononi kumuuliza mwalimu mbona mgomo haufundishwi. Mwalimu alisema hautatoka kwenye mtihani. "Basi mtihani wenu ndio haujasoma," baba alijibu, akavaa kofia yake.

Saa nane walikuwa mbele ya Bwana Purcell, afisa wa masomo ya nyumbani katika ofisi ya wilaya, kijana mpole mwenye tai. Twila aliweka faili mezani.

"Mchapishaji?"

"Meza za jikoni za Kettle Fork."

Purcell alitabasamu, kisha akakumbuka asitabasamu. "Pole sana, mama. Haliko kwenye orodha."

"Nani anaiandika hiyo orodha?"

"Inatoka juu."

"Juu wapi? Mimi nimezaliwa mlimani, mwanangu, huko juu napajua. Sijaiona."

Kijana alitazama mlango, akashusha sauti. "Babu yangu naye alikuwa mgodini, mama."

"Anaitwaje?"

"Estill Purcell."

Twila alifungua faili, akapekua, akamgeuzia. Afisa alisoma ukurasa mzima. Aligeuza, akasoma na wa pili, masikio yakimgeuka mekundu. Kisha alilifunga taratibu na kulisukuma upande wa Twila.

"Haliko kwenye orodha," alisema.

Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga wetu, lakini hawa walikuwepo. Walikuwepo mpaka wakalala barabarani. Twila alimtazama binti yake, aliyekuwa amekaa wima, mikono magotini, kama aliyekwisha kuanza uuguzi. Akachukua fomu, akaandika kwenye kisanduku jina la kitabu cha Lorna. Muhuri ukashuka. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya yai.

Walirudi ndani ya pikapu. Twila hakuwasha gari. Alijiona mdogo, kama siku ile alipomwona baba yake akitoka shuleni peke yake.

"Tutasoma yote mawili," Delaney alisema. "Faili la Mama Lorna jioni, hiki mchana." Alikifungua kitabu ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, akachomoa penseli nywelini.

"Ngoja." Twila alitoa kalamu mfukoni mwa sare, ile anayoandikia dawa za wazee. "Chukua hii."

"Mama, hiyo ni ya wino. Hatutaweza kukiuza. Cha mwakani je?"

"Cha mwakani tutakijua mwakani."

Delaney aliinama. Pembeni ya ile sentensi moja aliandika: Hayakujichimba. Orville Ratliff aliyachimba miaka thelathini na moja. Iva Ratliff alilala barabarani.

Twila alisoma, akafuta macho kwa mkono wa sare.

"Bonyeza zaidi," alisema. "Ipenye mpaka ukurasa wa pili."