Dada wa Sehemu ya Pili

Vipul alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye kipara kinachomnyemelea na duka la vitambaa mjini Nyeri, duka ambalo marehemu baba yao aliwaachia yeye na dadake Minal. Mtu wa namna hiyo, akilia, hutarajiwa awe na sababu ya maana. Vipul alilia kwa ajili ya mchezo wa simu.

Na haukuwa mchezo wa mpira wala wa kupigana. Ulikuwa wa kusoma. Picha inakuja, maneno yanatokea chini yake, unagusa kioo, yanakuja mengine, na kila baada ya muda unaulizwa: sasa utasema nini? Unachagua jibu, hadithi inafuata ulikoielekeza. Uliitwa Kisiagi cha Baba, na ulitungwa na vijana wachache wa Kerugoya. Mchezaji ndiye Kabiru, kijana aliyerithi mashine ya kusaga mahindi, na dada yake Wangeci yuko naye bega kwa bega. Mwishoni Wangeci anapata nafasi ya kwenda kusoma mbali. Anaikataa, anajifunga aproni yenye unga na kusema, "Nani atakushikia gunia?"

Hapo Vipul alitokwa na machozi, mchana kweupe, nyuma ya kaunta. Magdaline wa Giakanja, aliyekuja kununua bitana, alimwona akifuta macho akadhani kuna msiba. Kwa kuwa alikuwa mtu wa watu, hakukaa na habari hiyo peke yake. Kufikia jioni majirani walikuwa wamefika na sukari na mkate kutoa pole, na Vipul, badala ya kusema ukweli, akasema ni mjomba, wa mbali sana, hata wao hawakumjua vizuri. Minal alipokea sukari kwa uso wa matanga. Walipoondoka akaenda kuchemsha chai.

Sehemu ya pili aliingoja miaka mitatu. Ilipotoka alijifungia stoo, akakaa juu ya robota la kitambaa cha sare za shule, akaanza. Wangeci hakuwepo. Alikuwa ameuza sehemu yake ya kisiagi na kuhamia Nanyuki. Alikuwa akipiga simu mara moja moja, anasema hajambo, anasema sawa, anakata. Kabiru alikuwa amepewa mchumba mwenye meno mazuri, kana kwamba mchumba anaweza kushika gunia. Vipul alimaliza akarudia, akidhani amekosea mahali. Mara ya nne alikata tamaa, akaandika maoni yake pale mchezo unapouzwa.

Alitoa nyota moja, na alitoa hiyo kwa sababu hakukuwa na njia ya kutoa chini yake. Aliandika kuhusu damu na maziwa ya mama mmoja. Aliandika kwamba waandishi wa siku hizi hawajui familia. Aliandika: "Dada hawi hivi. Mimi niko na dada, kwa hivyo najua." Akamsomea Minal yote, kwa sauti, Minal akiwa katikati ya kumpimia mteja pazia.

"Umemaliza?" Minal aliuliza mteja alipoondoka.

"Kwa sasa."

"Hebu niwekee huo mchezo kwa simu yangu, sehemu zote mbili."

"Utaumia bure."

"Wewe niwekee tu, bhai," alisema, akimwita kaka kwa lugha ya nyumbani.

Minal akacheza, hakusema neno wiki nzima. Vipul aliuchukua ukimya ule kuwa huzuni, akamhurumia, hata akawa anamletea chai kaunta.

Ndipo waliotunga mchezo wakatangaza kwamba wangekutana na wachezaji, Jumapili, katika ukumbi wa kukodi pale Kerugoya. Vipul aliandaa hotuba. Aliifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kujaribia nguo, akavaa koti la harusi. Minal alisema atakwenda pia, na ndiye aliyeendesha gari, maana Vipul alihitaji mikono yote miwili kwa ajili ya karatasi zake.

Ukumbini walikuwa vijana watupu. Vipul alionekana kama mzazi aliyefika mapema kumchukua mtoto. Mwandishi wa hadithi alikuwa msichana mpole aliyeitwa Shiro, sweta limemzidi mikono, na ulipofika wakati wa maswali Vipul alisimama kabla ya kuitwa.

Alisema vizuri, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Alisema kuhusu baba, kuhusu urithi, kuhusu kushikiana magunia. "Na mwisho," alisema, "dada wa sehemu ya kwanza alikuwa mtu. Dada wa sehemu ya pili ni sauti ya simu. Hasemi kitu. Hata mbuzi wa jirani amepewa maneno mengi kuliko yeye."

Alingoja makofi. Vijana walitazamana.

Mmoja wao, Nderitu, aliyekaa mbele na kofia ya sufu, aligeuka. "Mzee, pole, ni mchezo huu huu tunaongelea?"

"Ni huu."

Shiro aliinamisha kichwa kidogo. "Wangeci alipopiga simu mara ya kwanza, ulichagua jibu gani?"

"Nilichagua jibu sahihi."

"Lipi?"

"Mweleze habari za kisiagi."

"Na simu ya pili?"

"Mweleze habari za kisiagi. Mota ilikuwa imeungua."

"Na ya tatu?"

Vipul alianza kuona mahali anapopelekwa, lakini alikuwa amesimama, na koti la harusi halimruhusu mtu kuketi haraka. "Mota ilikuwa imetengenezwa," alisema. "Ilibidi ajue."

"Kulikuwa na jibu lingine chini yake."

Alilikumbuka: "Muulize habari zake." Alikuwa ameliona kila mara, akadhani ni adabu tu, kitu cha kujaza nafasi, kama vile mtu anavyoandika "natumaini hujambo" mwanzoni mwa barua.

"Ukimuuliza," Nderitu alieleza kwa upole uliomchoma zaidi kuliko kicheko, "Nanyuki yote inafunguka. Ni kama nusu ya mchezo."

"Watu wengi huikosa mara ya kwanza," Shiro alisema, akijaribu kumsitiri. "Ulicheza mara ngapi?"

Vipul hakuwa mwongo isipokuwa katika mambo ya wajomba. "Nne," alisema, akaketi.

Ukumbi ulicheka, na haukucheka kwa ubaya. Kisha mkono ukainuka nyuma, ulioshika sambusa. Ulikuwa wa Minal.

Minal aliuliza kuhusu Fardowsa, muuza maziwa ya ngamia ambaye Wangeci alipanga nyumba kwake. Alitaka kujua kama yule mama angerudi katika sehemu ya tatu. "Pale anapomwambia Wangeci aache kuomba msamaha kwa sababu ya kulala mpaka saa tatu," alisema, "nilisimamisha mchezo nikacheka peke yangu." Shiro naye akachangamka, wakazungumza wawili hao kama watu waliokutana kwenye harusi wakagundua wana jamaa mmoja. Wangeci alikuwa amerudi shule. Wangeci alikuwa amejifunza kuendesha lori. Kumbe Wangeci alikuwa amemwandikia kaka yake ujumbe mara nyingi, akaufuta kabla ya kuutuma. Vipul alikaa na hotuba mapajani, akisikiliza habari za dada ambaye alikuwa amemtetea kwa nyota moja.

Wakirudi, Minal alisimamisha gari Karatina kununua ndizi. Aliporudi kwenye usukani Vipul akakohoa.

"Minal. Habari zako?"

Alimgeukia. "Unaumwa?"

"Hapana. Nauliza tu."

"Nzuri."

Vipul alingoja. Mchezoni maneno mengine yangejitokeza yenyewe. Hapa kulikuwa na Minal akimenya ndizi.

"Unataka kuhamia Nanyuki?"

"Nanyuki niende kufanya nini na ile baridi? Unanifukuza?"

"Hapana."

"Basi."

Walikwenda mwendo mzuri hivi. Mashamba ya kahawa yalipita, na Vipul akaanza kuamini kwamba amejaribu vya kutosha. Ndipo Minal akasema, macho barabarani, "Goti langu ni baya. Tangu Januari. Ni ile ngazi ya rafu za juu."

Vipul alifungua kinywa kusema kwamba hata yeye alikuwa akiifikiria ngazi ile, na rafu zile, kwamba zingeondolewa, marobota ya juu yahamishiwe stoo, na kwamba fundi wa mbao aliyemjua alikuwa... Akajishtukia. Alifunga kinywa kama mtu aliyeona nzi akija.

"Goti la upande gani?"

"Kushoto."

"Linauma ukipanda au ukishuka?"

Minal alimtupia jicho, akaona kwamba ameuliza kweli, akaanza kusema. Kumbe alikuwa ameshamwona daktari. Kumbe daktari alimshauri aogelee. Kumbe kila Jumatano anapoaga ati anaenda benki, huenda kwenye bwawa la hoteli moja, akavaa kofia ya mpira, na huko alikuwa amepata marafiki, mmoja wao mstaafu aliyemfundisha kupika zile ndengu ambazo Vipul, kwa wiki kadhaa, alikuwa akizila bila kujua kwa nini zinakosa chumvi. Alisema hadi wakafika Nyeri. Alisema hata gari lilipokuwa limezimwa, wakiwa wamekaa nje ya duka lililofungwa, mkono wake bado kwenye usukani.

Vipul aliucheza mchezo mara ya tano, akamuuliza Wangeci habari zake kila alipopiga simu. Hadithi ilikuwa nzuri, alikubali. Hata hivyo Wangeci hakurudi nyumbani mwishoni, na Vipul alishikilia kwamba angeweza kuja walau Krismasi. Minal alimwambia akaandike hilo mahali.

Jumatano iliyofuata Vipul alibaki dukani peke yake. Wamae, fundi wa cherehani, aliingia akataka bitana nyeusi ya koti. Vipul alipanda ngazi, akashuka na bitana ya kijani, akapanda tena, akashuka na kitu ambacho wala si bitana.

"Wacha nimngoje dada yako," Wamae alisema. "Ameenda benki?"

"Ameenda kuogelea," Vipul alijibu, kwa fahari ambayo hakujua imetoka wapi. "Goti lake ni baya. La kushoto. Akishuka ndipo linamsumbua zaidi."

"Pole yake. Anarudi saa ngapi?"

Vipul akatazama mlango. Hilo hakuwa ameliuliza.