Sherifu Anabomoa Saa Tisa

Saa tisa kasoro robo alasiri, mwonyesha sinema alitia mafuta kwenye gia za mashine, akapachika mkanda, akafuta lenzi kwa upindo wa shati. Ilikuwa wiki ya tatu ya filamu ile ile ya makauboi. Kila nyumba inabomolewa kwa mtindo mmoja: mwenyewe anatoka na mzigo wake, sherifu mwenye kitambi anafunga kamba, farasi anavuta, nyumba inaanguka ili reli ya tajiri ipite, na suruali ya sherifu inaanguka pamoja nayo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Tangu Jumatatu, nyumba zilizoanguka kwenye filamu zilikuwa za mtaa wa watazamaji wenyewe. Kwanza ya fundi cherehani, kisha ya kinyozi. Waliporudi kutoka sinema walikuta kiwanja kitupu na kinyesi cha farasi. Karani wa manispaa akaja na fomu.

"Filamu uliiona?" alimuuliza kinyozi.

"Niliiona. Nilicheka sana."

"Basi notisi ulipata. Weka sahihi hapa."

Kinyozi akaweka. Mwenye nguvu mpishe.

Jumatano asubuhi, akikagua mkanda dirishani, mwonyesha sinema aliuona mlango wa bluu. Ulikuwa wa mama yake. Rangi ile aliipaka yeye mwenyewe. Alichukua mkasi akate pale pa kubomoa, lakini alisikia viatu vya mwenye sinema ngazini, hivyo hakuangalia picha tena. Alipima kwa mikono kuanzia picha ya mlango, akakata, akaunganisha kwa gundi. Haraka haraka haina baraka: alisahau kwamba mkanda haukuwa umerudishwa mwanzo, mwisho ndio uliokuwa juu. Alichokikata ni pale mama anapotoka.

Saa tisa, mama hakutoka. Nyumba iliangushwa naye akiwa ndani, suruali ikaanguka, ukumbi ukaangua kicheko. Mtaani hapakuwa na nyumba wala mama. Mwonyesha sinema alikaa kiwanjani akalia kama mtoto.

Alhamisi alikirudisha kile kipande mahali pake. Saa tisa mlango wa bluu ulifunguka. Mama alitoka na birika lake, akatazama moja kwa moja kwenye kitundu cha mashine.

"Mama, njoo huku!" mwanawe alipiga kelele. "Toka humo, nakuomba!"

"Nitoke niende wapi, mwanangu?" alijibu. "Huko wamebomoa mara moja, imekwisha. Huku wanabomoa kila siku, lakini kesho saa tisa nyumba yangu imesimama tena."

Akarudi ndani, akafunga mlango. Sherifu akafunga kamba.

Ukumbi ulicheka kuliko siku zote. Kinyozi, ambaye sasa alikuwa akilala kwenye viti vya mbele, alifuta machozi akasema bibi huyo ni kiboko. Mwenye sinema akaamuru filamu iongezwe wiki mbili.

Watu walipokwisha kutoka, mwonyesha sinema alirudisha mkanda mwanzo, polepole, usije ukakatika.